Uchumi wa jamaa: Nani alipe gharama ya moshi?



Wanafunzi wa darasa moja la sekondari wametuandikia barua ndefu. Twafupisha maneno yao: «Twasikia katika redio kwamba mataifa yote yapunguze moshi unaoharibu hewa, na sisi watu wa Kongo tulinde misitu yetu kwa faida ya dunia nzima. Ni vema. Lakini mama zetu watapika kwa nini? Na gharama hiyo, nani atailipa?» Barua hii imetufurahisha. Watu wengi huuliza tu kama jambo ni jema au ni baya. Wachache huuliza bei yake, na wachache zaidi huuliza bei hiyo inatoka katika mfuko wa nani.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mafuta ya petroli, makaa ya mawe na kuni zinapoungua, hutoa gesi ya kaboni. Macho hayaioni, na pua haiisikii. Hupanda juu na kuizunguka dunia kama blanketi: joto la jua huingia, lakini halitoki lote. Kadiri blanketi linavyozidi unene, ndivyo joto linavyozidi, na majira ya mvua huharibika. Gesi hiyo haijui mpaka wala forodha. Ile ya viwanda vya Liège na ile ya magari ya Lubumbashi huchanganyika huko juu, hata hakuna awezaye kuzitenga tena.

Hapo ndipo penye shina la ugomvi wote. Mtu akitupa taka mbele ya mlango wake, harufu humrudia mwenyewe, naye ataziondoa upesi. Lakini mwenye kuwasha tanuru kubwa hupata faida yote ya moto wake, na hasara yake hugawiwa watu wote, hata wale ambao hawajazaliwa. Na kitu ambacho mtu hukitumia bila kukilipia, hukitumia kupita kiasi; tumeliona jambo hili hata katika bomba la maji la mtaa. Kwa hiyo wenye elimu ya uchumi husema: moshi utiwe bei.

Nchi ya Uswidi ilifanya hivyo mwaka 1991. Serikali ilitoza kodi kwa kila tani ya gesi ya kaboni itokayo katika mafuta na makaa ya mawe, na wakati ule ule ikapunguza kodi zilizokatwa katika mishahara. Maana yake, haikutaka kuongeza mzigo tu, bali kuuhamisha: kazi ya mtu itozwe kidogo, moshi utozwe zaidi. Kodi hiyo ilianza chini ikapanda pole pole, hata leo inapita euro 100 kwa tani. Watu wakageuza mambo yao. Nyumba za miji, ambazo zamani zilipashwa moto kwa mafuta, zikaanza kupata maji ya moto yaletwayo kwa mabomba kutoka kiwanda kimoja kinachochoma mabaki ya mbao. Tangu 1990 moshi wa nchi ile umepungua kwa zaidi ya robo, na utajiri wake umekua kwa zaidi ya nusu. Basi wanaosema kwamba kupunguza moshi ni lazima kulete umaskini wana jibu hapo.

Lakini tusimalizie habari kwa furaha mno. Viwanda vya Uswidi vilisamehewa sehemu kubwa ya kodi ile kwa miaka mingi, kwa kuogopa kwamba vitahamia nchi nyingine. Waliolipa kwa ukamilifu tangu mwanzo ni watu wa kawaida, majumbani mwao na katika magari yao. Na Uswidi ni nchi tajiri, yenye maporomoko mengi ya maji na misitu mingi kuliko watu wake.

Tazameni Ufaransa. Huko serikali ilipanga kupandisha kodi ya mafuta ya magari mwezi wa Januari 2019. Mtu wa Paris ana treni chini ya ardhi. Mtu wa kijijini aendaye kazini kilometa 40 hana ila gari lake kuukuu. Tena mwaka ule ule wa 2018 matajiri walikuwa wamepunguziwa kodi ya mali zao. Basi tarehe 17 Novemba 2018 watu walivaa fulana za manjano, wakafunga njia katika nchi nzima, na mwezi wa Desemba serikali ikaiacha kodi ile. Wengi wa watu wale hawakuichukia hewa safi. Walikataa kwamba mwenye kidogo alipe kwanza. Kwa maoni yetu, serikali yo yote itakayosahau habari hiyo itayaona yale yale, iwe Ulaya au Afrika.

Labda mtu atauliza: Je, hakuna aliyepiga hesabu ya dunia nzima, gharama upande huu na faida upande ule? Wako. Mwaka 2006 Nicholas Stern, bwana mmoja wa Uingereza, aliiandikia serikali yake kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Alisema kwamba kupunguza moshi kwatosha kugharimu karibu asilimia 1 ya mapato ya dunia kila mwaka, bali kuliacha jambo lilivyo kutaleta hasara ya asilimia 5 kwa uchache, na labda hata 20. Ukisikia hivyo waona neno limekwisha. Halikwisha. William Nordhaus, mwalimu wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ajili ya hesabu za namna hii, alimpinga. Hakukana joto, alisema tuanze pole pole na kuongeza baadaye. Waliachana katika jambo moja dogo ambalo kila mkopaji analijua, yaani riba.

Tuseme mjukuu wako atapata hasara ya dola 100 baada ya miaka 50. Hasara hiyo leo ni kama dola ngapi kwako? Ukihesabu kwa asilimia 1 na nukta 4 kwa mwaka, kama alivyofanya Stern, ni dola 50 hivi. Ukihesabu kwa asilimia 5, karibu na hesabu ya Nordhaus, ni dola 9 tu. Mjukuu ni yule yule, hasara ni ile ile. Lakini mmoja asema toa 50 leo kuizuia, na mwingine asema usitoe zaidi ya 9. Wanafunzi waliotuandikia waweza kulipima jambo hili kwa kalamu na karatasi. Wataona kwamba katikati ya hesabu za wataalamu limefichwa swali ambalo si la hesabu: mtu aliye mbali nasi kwa miaka ana thamani gani mbele yetu? Mkristo ana jibu lake katika swali hilo, wala hana haja ya kungoja tuzo ya Nobel. Baba Mtakatifu Fransisko alilitia katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alipoandika juu ya haki kati ya watu wa kizazi hiki na wale watakaokuja.

Sasa turudi kwetu.

Mtu mmoja wa Ubelgiji, ukigawanya moshi wa mafuta, gesi na makaa ya mawe ya nchi yake, hutoa kiasi cha tani 7 za gesi ya kaboni kwa mwaka. Mtu wa Kongo hafikii kilo 100. Kwa hesabu hiyo hatuna deni lo lote, bali twadai. Lakini kuna hesabu ya pili, na si haki kuificha. Miti imejaa kaboni. Ikikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo hutoka. Katika miaka ya karibuni Kongo imepoteza karibu hekta 500,000 za msitu wa asili kila mwaka, hasa kwa mashamba madogo, kuni na makala. Katika hesabu ya pili sisi si wadogo tena.

Tena kuna hazina iliyofichika. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza na wa Brazzaville walitangaza kwamba chini ya misitu yenye maji ya katikati ya bonde la mto wetu, kati ya Mbandaka na ng'ambo ya pili, kuna matope meusi ya majani na mizizi isiyooza, yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Kaboni iliyomo yafika karibu tani bilioni 30, kama moshi wa mafuta na makaa ya mawe wa dunia nzima kwa miaka 3. Sehemu kubwa yake ni katika nchi yetu. Matope hayo yakidumu kulowa, hayadhuru. Yakikaushwa, huoza au huungua, na kaboni hutoka.

Na chini ya matope, wengine wanatumaini kupata petroli. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na baadhi ya vitalu viliingia katika ardhi ile, na hata katika mbuga ya Virunga. Mawaziri walisema: watoto wetu wana njaa, Ulaya ilitajirika kwa moshi, kwa nini sisi tukatazwe? Mnada ule ulifutwa mwezi wa Oktoba 2024, kwa kuwa maombi hayakutimiza masharti. Mwaka 2025 serikali ikarudi na ramani mpya ya vitalu zaidi ya 50. Sisi hatuwacheki wanaouliza swali la mawaziri wale. Ni swali la haki. Ila twaongeza letu: almasi, shaba na dhahabu zimetoka katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 100; mama wa kijijini amepata nini? Faida ya petroli katika karatasi si sawa na faida ya petroli katika sufuria.

Je, dunia hulipa msitu ukisimama? Huahidi. Tarehe 2 Novemba 2021, huko Glasgow, Rais Tshisekedi alitia sahihi mapatano na nchi zinazochangia mfuko uitwao CAFI: dola milioni 500 kwa miaka 5, ili Kongo izuie ukataji wa misitu usizidi kiasi cha miaka 2014 hadi 2018. Milioni 500 ni fedha nyingi kwa masikio. Lakini gawanyeni. Watu wa Kongo ni kama milioni 100. Kila mtu dola 5, kwa miaka 5. Yaani dola 1 kwa mwaka. Dola 1 hainunui gunia la makala. (Na kati ya wachangiaji wakubwa wa mfuko huo ni Norwei, nchi iliyotajirika sana kwa kuuza petroli na gesi yake. Twalisema bila uchungu, maana wametoa wakati wengine wamekunja mikono.)

Ahadi kubwa zaidi ilikuwa ya Copenhagen mwaka 2009: nchi tajiri zitawapa maskini dola bilioni 100 kila mwaka, kuanzia 2020. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, nacho kwa sehemu kubwa kilikuwa mikopo, si zawadi. Huko Baku mwaka 2024 wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Wako pia wafanya biashara wanaonunua vyeti vya kaboni: kampuni ya mbali huchafua hewa, kisha hulipa ili msitu fulani usikatwe, na kujihesabu safi. Twashauri wazee wa vijiji wasitie dole gumba katika karatasi ya namna hiyo kabla ya kusomewa yote kwa lugha yao, na kujua fedha zitapita mikononi mwa nani. Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe, katika barua ile tuliyoitaja, aliogopa kwamba biashara ya vyeti itageuka kuwa ulanguzi mpya, na kuwaacha wakubwa waendelee kuchafua.

Hata hivyo tusifikiri kwamba msitu tunawalindia wageni. Sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo hutoka katika mvuke wa msitu wenyewe. Mkulima akiumaliza msitu, amejikatia mvua. Tena kilima kisicho na mizizi hakishiki udongo. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Je, ni kwa sababu ya joto la dunia? Wataalamu walijaribu kupima wakashindwa kusema ndiyo au siyo, kwa kuwa vituo vya kupima mvua kando ya ziwa Kivu ni vichache mno. Hiyo nayo ni gharama: nchi isiyopima mvua yake haiwezi hata kuonyesha hasara yake mbele ya mataifa.

Swali la mama zetu tumeliacha nyuma, nalo ndilo la kwanza katika barua. Kongo jamaa nyingi mno hupika kwa kuni au makala. Tanuru la udongo la mchoma makala hula kilo 100 za mti mkavu na kutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Nyingine yote ni moshi. Ni ubadhirifu mkubwa. Kwa hiyo wakubwa wengine husema: makala yakatazwe. Tuhesabu basi nani atalipa. Mchoma makala atapoteza kazi. Kijana wa chukudu atakosa mzigo. Mama muuzaji wa sokoni atafunga meza. Na wapikaji wote watanunua yale yatakayopita kwa siri, kwa bei kubwa zaidi, maana kila kizuizi barabarani kitataka chake. Katika Virunga tumeona namna biashara ya siri ya makala inavyolisha watu wenye bunduki, na walinzi wengi wa mbuga wameuawa. Kwa hiyo sisi twasema wazi: kukataza makala kabla ya kuleta moto mwingine ni kuwatoza maskini kodi bila kuiita kodi.

Moto mwingine waweza kuletwa. Mbuga ile ile ya Virunga ilijenga mitambo ya umeme wa maji: Mutwanga mwaka 2013, kisha Matebe karibu na Rutshuru mwisho wa 2015, yenye megawati 13 hivi, na Luviro kwa upande wa Lubero baadaye. Fedha za kuanzia zilitoka sana kwa wafadhili wa nje, kama mfuko wa Howard Buffett wa Marekani, kwa sababu benki ya kawaida haikopeshi kwa urahisi mahali pa vita. Kinu cha unga au cha sabuni kilichokuwa kikinywa mazuti kikatumia umeme, na vijana wakapata kazi. Hapo gharama na faida ziko mahali pamoja, machoni pa watu. Lakini jamaa nyingi zilizopata taa bado hupika kwa makala, kwa kuwa jiko la umeme ni ghali. Na Goma mwaka 2025 ilionja tena vita, jambo ambalo hesabu za Stern na Nordhaus haziligusi.

Umeme mkubwa tunao, nao hautufikii. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972 na ya pili 1982, pamoja karibu megawati 1,775 zikiwa nzima. Waya wake huenda kilometa 1,700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi, ukipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Kutoka Kolwezi hutoka kobalti ya kutia katika betri za magari ya umeme. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Basi Ulaya na China zikipunguza moshi wao, Kolwezi hupata wanunuzi. Hiyo ni faida, ingawa si imara: bei ilianguka hata serikali ikazuia kobalti isitoke mwezi wa Februari 2025, kisha mwezi wa Oktoba ikaweka viwango, na viwanda vingi vimeanza kutengeneza betri zisizo na kobalti kabisa. Juu ya watoto wanaochimba huko tumekusudia kuandika siku nyingine.

Katika nyumba, jambo la bei ndogo ni mbabula iliyo bora, yenye udongo ndani wa kushika joto. Hupunguza makala kwa theluthi, wakati mwingine zaidi. Jamaa iliyozoea magunia 3 kwa mwezi hutumia 2, na gunia la tatu ni fedha za shule. Tena moshi hupungua jikoni. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majikoni uliua watu milioni 3 na zaidi, wengi wao mama na watoto. Faida hii haingoji mkutano wa mataifa, wala riba ya miaka 50.

Kisha iko miti ya kupandwa kwa makusudi ya makala. Katika Kivu ya Kaskazini tangu 2007 mpango wa EcoMakala umewasaidia wakulima wadogo kupanda mikaratusi na miti mingine, ili mji ule makala ya mashamba badala ya makala ya mbuga. Ni kazi njema, nayo ina bei yake. Mikaratusi hunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi. Na mti hungoja miaka 6 au 8 kabla ya shoka. Mwenye kipande kidogo cha shamba hawezi kula kivuli muda huo wote, akiacha mavuno mawili ya maharagwe kila mwaka.

Twawaomba wanafunzi wetu wakae na baba zao na kupiga hesabu hiyo: maharagwe ya miaka 7 katika robo ya hekta, kwa bei ya soko lao, na upande wa pili magunia ya makala ya mwaka wa saba, pamoja na riba ambayo mkopeshaji wa mtaani angetoza. Watuletee karatasi zao kabla ya mwisho wa mwezi. Tutazichapa, hata kama majibu hayalingani.